Kitochi, laini mbili na M-Pesa: Kinachomtofautisha meneja wa bidhaa hodari na asiyefaa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

ABIRIA anayeteremka kwenye kivuko cha Magogoni asubuhi na kushika njia ya kwenda Kariakoo hupishana na vitu vitatu ambavyo siku hizi havimshangazi mtu. Cha kwanza ni simu ndogo ya vitufe yenye taa kichwani, ile ambayo wenyewe tumeibatiza jina la kitochi. Cha pili ni simu ya laini mbili, mkononi mwa kuli na mkononi mwa tajiri wake vilevile. Cha tatu ni wakala wa fedha aliyeketi chini ya mwavuli, mezani pake pana daftari, kalamu na simu mbili tatu.

Vitu hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Nyuma ya kila kimoja walikuwapo watu waliolazimika kuamua kimfae nani, kimwondolee adha gani, kiwe na nini na kikose nini. Katika makampuni, mwenye dhamana ya maamuzi hayo huitwa meneja wa bidhaa.

Cheo hicho kimeenea sana katika benki, kampuni za simu na viwanda vya hapa nchini, na vijana wengi waliosomea biashara au kompyuta wanakitamani. Hata hivyo, swali la nani anakifaa halijibiwi kwa vyeti. Wawili wenye shahada moja, mshahara mmoja na bajeti moja wanaweza kukabidhiwa bidhaa zinazofanana. Ya mmoja ikadumu miaka ishirini, ya mwenziwe ikasahaulika kabla mabango yake hayajapauka.

Si swali la wenye ofisi kubwa peke yao. Kampuni ikikosea bidhaa, hasara huandikwa vitabuni na mwaka unaofuata ukaanza upya. Mwenye duka la Kariakoo aliyekopa ili alete kontena moja kutoka China, mzigo ukimdodea, ameondokewa na mtaji na ada za watoto kwa mkupuo mmoja.

Kazi yenyewe ni ipi?

Chimbuko la kazi hii linahusishwa na sabuni. Mei 13, 1931, Neil McElroy, kijana wa kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, aliwaandikia wakubwa wake waraka mfupi. Alikuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay, na aliona kuwa sabuni hiyo inafunikwa na Ivory, sabuni nyingine ya kampuni hiyohiyo. Alipendekeza kila bidhaa iwe na watu wake wa kuisimamia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale mauzo yanapolegea waende wenyewe kuzungumza na wauzaji na watumiaji. Baadaye McElroy alipanda hadi kuiongoza kampuni hiyo, na mwaka 1957 akateuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Tangu wakati huo kazi imebadilika sura, lakini ugumu wake umebaki palepale. Meneja wa bidhaa hubeba lawama zote ilhali hana amri kamili juu ya yeyote. Mafundi si wake, wahasibu si wake, wauzaji nao wana mkubwa wao. Hawezi kuwaamuru; sharti awashawishi. Na anayeshawishi kwa maneno matupu huchokwa upesi. Silaha yake ya kweli ni kumjua mteja kuliko mtu mwingine yeyote katika chumba cha mkutano.

Hapo ndipo njia za hodari na asiyefaa zinapoachana. Asiyefaa huongozwa na mpango wake, hodari huongozwa na adha ya mteja. Mpango ukigombana na mteja, wa kwanza hutafuta njia ya kumbadilisha mteja. Wa pili huubadilisha mpango. Historia ya vile vitu vitatu tulivyopishana navyo njiani inalithibitisha hilo.

Taa iliyouza simu

Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Finland ilitoa simu iliyoitwa Nokia 1100. Wakati huo washindani walikuwa wakikimbilia kamera na vioo vya rangi. Simu hii haikuwa na kimojawapo. Badala yake ilikuwa na tochi, vitufe vilivyofunikwa kuzuia vumbi, na ubavu usioteleza mkononi penye jasho.

Kwa aliyeketi katika ofisi yenye umeme wa saa ishirini na nne, tochi ndani ya simu ingeonekana kuwa mchezo wa watoto. Kwa anayefunga kibanda chake sokoni saa mbili usiku umeme umekatika, au anayerudi nyumbani kwa njia isiyo na taa, ilikuwa sababu tosha ya kununua. Nokia 1100 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, ikawa miongoni mwa simu zilizouzwa zaidi katika historia.

Kampuni hiyo iliendelea kutazama. Watafiti wake walifika hadi Uganda kuchunguza jinsi watu wengi wanavyotumia simu moja kwa zamu. Mwaka 2007 ilitoa Nokia 1200, simu iliyoweza kutunza orodha kadhaa za majina na kupima muda wa maongezi, ili mwenye simu ajue kila aliyeazima ametumia kiasi gani. Hakuna mteja aliyekwenda Finland kuomba orodha tano za majina. Watafiti waliona simu ikipita kutoka mkono hadi mkono, wakaelewa.

Laini mbili mfukoni

Hata hivyo, ushindi wa jana si leseni ya kesho. Miaka hiyohiyo, kila aliyeishi Dar es Salaam alikuwa akikiona kitendo kimoja mchana kutwa: mtu anafungua mfuniko wa simu, anachomoa betri, anatoa laini na kupachika nyingine, kisha anapiga. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao uleule, na mtandao uliosikika vizuri mjini haukuwa lazima usikike kijijini. Wenye uwezo walitembea na simu mbili. Wasio na uwezo walitembea na laini ya pili ndani ya pochi.

Kitendo hicho kilikuwa barua ya wazi kwa kila mtengeneza simu. Aliyeisoma mapema ni kampuni changa kutoka China, Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na George Zhu. Kupitia jina la Tecno ilianza mapema, mwaka 2007, kuuza simu za laini mbili barani Afrika, na mwaka uliofuata iliacha masoko mengine ili ielekeze nguvu zake huku. Baadaye iliongeza betri za kudumu na kamera zilizorekebishwa ili zitoe vizuri sura za watu weusi. Ilifungua pia vituo vyake vya matengenezo, kwa kuwa simu kwa wengi wetu ni mali ya kutengenezwa, si ya kutupwa.

Nokia, iliyokuwa imelishika soko la Afrika, ilitangaza simu zake za laini mbili mwaka 2010. Kufikia hapo mteja alikuwa amekwishakuonja. Mwaka 2014 ilikamilisha kuiuza biashara yake ya simu kwa Microsoft. Ni kweli kwamba kilichoiangusha zaidi ni ushindani wa simu za kisasa kutoka iPhone na Android, lakini katika maduka ya Kariakoo pengo la laini mbili lilikuwa limeshawapa wengine nafasi ya kuingia.

Funzo lililopo ni zito. Kampuni iliyoiona tochi ilichelewa kuiona laini ya pili, ingawa mteja alikuwa yuleyule na soko lilelile. Hodari hudumu kuwa hodari kwa kurudi sokoni kila msimu. Mteja anapojitengenezea njia yake ya mkato, iwe ya kuchomoa betri au ya kufunga kitu kwa kamba, anakuwa ameshaandika maelezo ya bidhaa ijayo. Meneja asiyefaa huiona njia hiyo ya mkato kuwa ni ushamba.

Mpango uliokubali kuvunjwa

Kisa cha M-Pesa kinajulikana kwa matokeo yake kuliko kwa mwanzo wake. Oktoba 2005, Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya zilianza majaribio kwa msaada wa fedha kutoka Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie alipelekwa Nairobi kulisimamia. Lengo halikuwa kutuma fedha. Lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya kupokea mikopo yao na kuirejesha kwa simu. Walioshiriki walikuwa wateja wapatao 500, Nairobi na Thika.

Mitambo ilifanya kazi, ila wateja walikuwa na yao. Baadhi waliweka fedha kwa wakala mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, ili wasisafiri na noti mfukoni. Wengine waliigeuza kuwa kasiki la usiku, kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko maduka ya mawakala. Wapo waliolipana wao kwa wao katika biashara, na wapo waliowatumia fedha watu ambao hawakuwa hata kwenye majaribio. Kwa upande wa taasisi ya mikopo, kuoanisha malipo ya simu na mfumo wake wa vikundi kuligeuka kuwa mzigo wa kihasibu.

Meneja asiyefaa angeandika ripoti kuwa wateja wanakiuka utaratibu, kisha akaomba fedha za semina za kuwaelimisha. Waliosimamia mradi huo walifanya kinyume. Waliyahesabu yale matumizi yasiyotarajiwa, wakaliweka kando lengo la mikopo, na Machi 6, 2007 huduma ikazinduliwa kwa ujumbe mmoja wa kumwambia mtu atume pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na zaidi ya wateja milioni moja.

Kilichoachwa nje kina uzito sawa na kilichowekwa ndani. Huduma ilianza na mambo machache: kuweka, kutuma, kutoa, kununua muda wa maongezi. Iliendeshwa kwenye simu yoyote, hata ya bei ya chini kabisa, na kuweka fedha hakukutozwa ada. Katika kila kampuni wapo wakubwa wanaotaka bidhaa ibebe jambo lao, na kila jambo moja likisikilizwa peke yake lina mantiki. Meneja hodari ndiye anayeweza kumwambia mkubwa "hapana" kwa adabu na kwa ushahidi. Asiyefaa hukubali yote ili apendwe na wote, na mwishowe mteja hukutana na orodha ndefu ambayo hajui aanzie wapi.

Jina lilelile, nchi tofauti

Huenda msomaji akasema kuwa basi siri ni kunakili kilichofaulu. Historia inakataa. Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania mwaka 2008, kwa jina lilelile na kwa wazo lilelile. Haja ilikuwapo tele. Miaka hiyo bahasha za fedha zilikabidhiwa madereva na makondakta wa mabasi ya mikoani pale Ubungo, na wapo walionunua vocha, wakazikwangua na kumtumia ndugu namba zake ili akaziuze kijijini apate taslimu.

Pamoja na hayo, mwendo ulikuwa wa kobe. Mwaka mmoja na ushei baada ya uzinduzi, Tanzania ilikuwa na wateja laki kadhaa tu, ilhali Kenya katika muda kama huo ilikuwa imevuka milioni mbili. Safaricom ililishika soko la Kenya karibu lote. Vodacom ilikuwa mmoja kati ya wengi. Nchi yetu ni pana na watu wametawanyika, hivyo wakala mmoja wa mbali alikuwa na gharama kubwa ya kumfikia na kumhudumia.

Hali ilibadilika pale wakala alipoanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Walipewa kazi mawakala wakuu wa kuwasajili na kuwahudumia mawakala wadogo, na huduma ikasogezwa hadi mtaani. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua maana yake: mteja aliyefika mezani akaambiwa floti imekwisha halaumu floti, hulaumu huduma nzima, na kesho harudi. Mitambo iwe bora namna gani, kwa mteja huyo M-Pesa ni yule kijana chini ya mwavuli.

Nao ukuta kati ya mitandao haukudumu. Watu walikuwa na laini mbili kwa sababu fedha na maongezi vilifungiwa kila kimoja kwenye zizi lake. Mwaka 2014 Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, pamoja na Airtel na Zantel, zilianza kuruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufika hatua hiyo.

Kusini mwa bara mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2010 M-Pesa ilizinduliwa Afrika Kusini ikiwa na lengo la wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Ilirekebishwa na kuzinduliwa upya mwaka 2014, na Juni 2016 ikafungwa. Huko watu wengi walikuwa tayari na akaunti za benki, mashine za kutolea fedha zilikuwa karibu, na maduka makubwa yalikuwa yakitoa huduma ya kutuma fedha. Adha iliyoizaa M-Pesa Kenya haikuwa na uzito huohuo Johannesburg.

Hesabu inayodanganya

Kisa hicho cha Afrika Kusini kinafichua alama nyingine ya kumtambulia meneja. Waliojisajili walikuwa wengi, zaidi ya milioni moja. Walioitumia huduma kwa kweli, kufikia mwisho wake, hawakufika laki moja.

Meneja asiyefaa huipenda hesabu ya kwanza kwa sababu hupanda daima. Aliyejisajili akaacha haondolewi kwenye jumla. Hodari huuliza hesabu ya pili, ambayo haifurahishi: kati ya waliojisajili mwezi uliopita, wangapi wamerudi mwezi huu bila kupigiwa simu wala kuahidiwa zawadi? Mara ya kwanza mteja huletwa na tangazo. Mara ya pili huletwa na bidhaa.

Haki pia itendeke. Si kila bidhaa iliyokufa iliuawa na meneja wake. Sheria, mtaji, bei za washindani na bahati vina sehemu yao, na meneja mzuri anaweza kukabidhiwa kitu kisichookoleka. Lakini hata hapo tofauti huonekana: hodari husema mapema kuwa jambo haliendi, fedha zikiwa bado zipo za kufanyia jingine. Mwenziwe husubiri hadi mkaguzi aseme.

Kurudi Kariakoo

Katika mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey, wenye maduka wengi hawana kadi iliyoandikwa meneja wa bidhaa, ila kazi wanaifanya kila siku. Ndio wanaoamua viatu vya namba gani viletwe, rangi gani iachwe, mteja wa Songea atake nini na wa Lubumbashi atake nini. Hakuna mtafiti wanayemlipa.

Anayedumu miongoni mwao mara nyingi si mwenye maneno mengi. Ni yule anayekumbuka, au anayeandika, kila kilichoulizwa dukani pake na hakikuwapo. Anatofautisha alichosifiwa na alichouza, kwa kuwa wengi husifu na kuondoka. Kabla hajaagiza mzigo mzima huleta dazeni chache, akazitazama zinavyotoka. Na mzigo ukidoda huuza kwa hasara upesi ili apate fedha ya kuanzia tena, hauweki stoo miaka miwili kwa kuona haya.

Kampuni inayotaka kumwajiri meneja wa bidhaa ingefanya vema kumuuliza mambo kama hayo. Ni lini mara ya mwisho alimtazama mteja akitumia bidhaa, bila kumwelekeza? Ni kitu gani alikikataa ingawa mkubwa alikitaka, na alitumia ushahidi gani? Ni mpango gani wake mwenyewe aliuvunja, na nini kilimfanya auvunje? Aliyeifanya kazi atajibu kwa kutaja mtaa, siku na kiasi cha fedha. Asiyeifanya atajibu kwa kueleza ripoti iliyoandikwa na mwingine.

Kutoka ofisi za katikati ya jiji hadi kwa wakala mwenye mwavuli Kariakoo ni mwendo mfupi, hata kwa miguu. Ukiketi pembeni ya meza yake saa moja, utamwona mteja aliyesahau namba ya siri, bibi anayemwomba wakala amsomee ujumbe, na kijana anayeondoka kwa kuwa floti imekwisha. Watatu hao hawatafika kwenye mkutano wa Jumatatu kueleza shida zao. Ni juu ya meneja kuzipeleka.